Usharika wa Dar na usharika rafiki kijijini: namna ya kuanza na namna ya kudumu

Shalom wapendwa. Naandika hii kwa kamati za diakonia (huduma kwa wahitaji), wazee wa kanisa, kina mama, vijana, na yeyote ambaye usharika wake hapa Dar umeamua au unafikiria kuwa na usharika rafiki kwenye eneo lenye maisha magumu, iwe Chamwino, Bahi, Kishapu, Kilindi, popote. Mifano yangu mingi itakuwa ya Dodoma vijijini maana ndo ninakokujua. Sisi ni Walutheri kwa hiyo nitasema mtaa, usharika, jimbo, dayosisi, nyie Waanglikana na Wamoravian na wengine mtabadilisha majina tu, mambo ni yale yale.

Kitu kimoja naomba mkishike kabla ya yote. Msaada unaodumu ni ule ambao wa kule wamesema wenyewe wanataka nini, na wao wameweka cha kwao, na nyie mmekubali kukaa nao miaka. Mkikosa hata kimoja kati ya hivyo vitatu mnarudi kwenye ule mtindo wa kujaza Fuso nguo za mitumba na sabuni mwezi wa kumi na mbili, mnaenda, mnapiga picha, mnarudi Dar mnashangiliwa kanisani, na ikifika Februari nyumba zile zile zina njaa ile ile na hakuna hata mmoja wenu anayejua.

HATUA YA 1: Anzeni na bajeti yenu, sio na harambee

Kosa la sharika nyingi za mjini ni kuanza na kipaza sauti. Jumapili moja ya moto moto, mchungaji anahubiri vizuri, watu wanaahidi mamilioni, na mwezi ukiisha nusu ya ahadi haijaingia. Ahadi sio hela jamani. Na ubaya ni kwamba taarifa ya zile ahadi inafika kijijini kabla ya hela, mwinjilisti wa kule anaambiwa "wenzetu wa Dar wametoa milioni kadhaa", halafu anakaa anasubiri, na waumini wake wanaanza kumuangalia kwa jicho la pembeni.

Fanyeni hivi: pelekeni hoja baraza la wazee, halafu mkutano mkuu wa usharika, mpitishe asilimia fulani ya sadaka ya kawaida iende kwenye urafiki huo kila mwezi. Hata iwe asilimia mbili. Hela ndogo inayoingia kila mwezi bila kukosa ina nguvu kuliko harambee ya mara moja, kwa sababu mtu wa kule anaweza kupanga nayo. Harambee iwekeni kwa jambo maalum kama tenki la maji, na kule msitamke kiasi mpaka hela iwe benki.

Kamati iwe ya watu saba hivi. Awepo mtu wa mahesabu, awepo fundi ujenzi au mtu anayejua ujenzi, awepo nesi au mwalimu, vijana wawili, na kina mama wasiwe wa kupika chai tu. Na kama kuna mtu kwenye usharika wenu amezaliwa ukanda ule muwekeni, atawaepusha na mengi, ila asiwe mwenyekiti, maana akiwa mwenyekiti kila kitu kitaelekea kijijini kwao na ukoo wake utapata shida ya kusemwa.

HATUA YA 2: Tafuteni rafiki kupitia jimbo

Msiende moja kwa moja kwa mchungaji mliyesoma naye. Andikeni barua dayosisi yenu, iende dayosisi ya kule, ishuke kwa mkuu wa jimbo. Inachelewa, najua, inaweza kula miezi. Lakini mkuu wa jimbo ndo anayejua usharika upi hauna mtu kabisa na upi tayari una marafiki watatu kutoka Ujerumani na mmoja kutoka Arusha. Pia mkipita pembeni, sharika jirani zinaanza kuuliza kwa nini wale wamependelewa, na ugomvi huo hamtaumaliza nyie mlioko Dar.

Chagueni usharika mmoja. Mmoja tu. Na mjue usharika mmoja wa kijijini unaweza kuwa na mitaa sita (yaani vituo vya ibada) iliyotawanyika, mchungaji ana pikipiki moja, na ibada nyingi zinaongozwa na wainjilisti ambao posho yao ni ndogo na mara nyingine inachelewa. Kwa hiyo hata huo "mmoja" ni mkubwa kuliko mnavyofikiri.

HATUA YA 3: Ziara ya kusikiliza, mwende mikono mitupu

Hii hatua ndo moyo wa kila kitu, nitakaa hapa kidogo.

Ziara ya kwanza waende watu wanne au watano, sio basi zima la kwaya. Siku hizi ni rahisi, tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma kwa kama saa tatu na nusu hivi, mnaondoka Ijumaa asubuhi, mchana mko Dodoma, mnapanda gari la kijijini, mnalala huko, Jumapili baada ya ibada mnarudi. Laleni kwa waumini wenyewe na sio gesti ya mjini, maana mambo ya kweli yanasemwa usiku baada ya kula.

Nendeni mwezi wa tisa au wa kumi. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili. Ukienda Mei kila kitu ni kijani, mtama umesimama, utarudi unasema hawa wana shida gani. Januari na Februari wako shambani wanapalilia na ndo kipindi ghala ziko tupu, mgeni kipindi hicho ni mzigo. Oktoba utaona maji yako wapi na nani anayafuata.

Msibebe misaada. Narudia, ziara ya kwanza msibebe misaada. Sukari, majani ya chai, mchele wa kuchangia chungu cha wenyeji wenu, hiyo ni heshima ya mgeni na ni sawa. Lakini mkishusha magunia siku ya kwanza, mazungumzo yote yatageuka kuwa risala ya shukrani na hamtasikia kitu. Na wakiwachinjia mbuzi au kuku, kuleni, msilete habari za "jamani msijisumbue", kwao kumlisha mgeni ni heshima yao na mkiikataa mmewaambia hawana cha kutoa. Jifunzeni pia kusalimia Kigogo, mbukwenyi, watu wanacheka wanafurahi na mazungumzo yanafunguka.

Sasa namna ya kusikiliza. Kikao kikubwa chini ya mbuyu mbele ya mchungaji na wazee kitawapa jibu moja, na mara nyingi jibu hilo ni jengo: tunaomba kanisa kubwa, tunaomba vyombo vya kwaya, kinanda. Sio uongo, wanalitaka kweli kanisa na wana haki ya kulitaka. Lakini kaeni na makundi tofauti tofauti. Kina mama peke yao, vijana peke yao, wazee waliobaki na wajukuu peke yao. Mimi nimekaa na kina mama jikoni wakati tunaosha vyombo, baada ya kikao kizuri kabisa kilichozungumzia mnara wa kengele, mama mmoja akasema twende nikuonyeshe. Tukashuka kwenye korongo, mchanga mtupu, amechimba shimo kama la kina cha mtu anayechuchumaa, anachota kwa kikombe cha plastiki, anamimina kwenye ndoo kupitia kitambaa, shimo linakauka, anakaa anasubiri mchanga utoe maji tena, anachota. Kuna wenzake watano wanasubiri zamu. Wanaamka saa tisa usiku. Kwenye kile kikao chini ya mbuyu hakuna aliyelitaja hilo, maana wanaume waliokuwa wanaongea sio wao wanaoamka.

Kwa hiyo ulizeni maswali ya kawaida tu. Asubuhi nani anaamka wa kwanza na anaenda wapi? Mwaka jana chakula kiliisha mwezi gani? Mtoto akiumwa usiku mnafanyaje? Mliwahi kupata msaada gani zamani, na saa hizi kile kitu kiko wapi? Hilo swali la mwisho ni dhahabu, mtaonyeshwa pampu iliyokufa, cherehani zenye kutu stoo, na mtajua kwa nini.

Na siku hiyo hiyo pitieni kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kijiji. Sio kuomba ruhusa ya kusali, ni kujua nini serikali inafanya tayari, kama RUWASA (wakala wa maji vijijini) wana mradi wa maji umepangwa pale, kama kaya maskini ziko kwenye TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), ili msije kuchimba mnachochimbiwa.

HATUA YA 4: Makubaliano ya ukurasa mmoja

Andikeni karatasi moja, Kiswahili chepesi, isainiwe na pande zote. Iseme ni miaka mingapi (mimi nashauri mitano, na tathmini kila mwaka), nyie mnatoa nini, wao wanatoa nini. Upande wa wao usiachwe wazi. Wanaweza kutoa mawe, mchanga, kokoto, nguvu kazi, tofali za kuchoma, ulinzi wa vifaa, chakula cha mafundi. Na wanatoa maombi, na sisemi hilo kujazia karatasi: usharika wetu una wagonjwa, una ndoa zinazovunjika, una vijana wa mjini waliopotea, na kuna watu kule wanaomba kwa majina. Wapeni majina.

Paulo anaeleza hili kwenye 2 Wakorintho 8, makanisa ya Makedonia yalikuwa maskini kabisa na bado yakaomba yenyewe yapewe nafasi ya kuchangia watakatifu wa Yerusalemu. Someni sura yote na kamati zote mbili, pande zote mbili, siku ya kusaini.

Kuna jambo zuri nimeliona likifanya kazi: usharika wa kijijini unatuma sadaka yake ya mavuno, karanga, ubuyu, kuku, inakuja Dar, inaingia kwenye mnada wetu baada ya ibada, inatangazwa imetoka wapi. Wote mnajua mnada wa kanisani, kuku anaenda elfu themanini na watu wanapigana vikumbo. Ile hela inaingia kwenye mfuko wa urafiki kwa jina lao. Yaani wanapokuja kuomba tenki, tayari jina lao lipo kwenye kitabu cha mapato.

HATUA YA 5: Hela

Hapa ndo urafiki mwingi unapofia, kwa hiyo msione haya kuwa wakali mapema wakati bado mnapendana.

Msitume hela kwenye namba binafsi ya M-Pesa ya mchungaji au mwinjilisti, hata kama ni mtu wa Mungu kiasi gani. Mnamtia majaribuni na mnamtia kwenye maneno, mtoto wake akinunuliwa viatu tu kijiji kizima kitasema ni hela ya Dar. Tumieni akaunti ya usharika benki, watia saini watatu, mmoja awe mama, na hela itoke kwa saini za watu wasiopungua wawili. Kama benki iko mbali, wekeni kwenye bajeti nauli ya hao watu kwenda kuchukua hela na makato ya benki, msijifanye gharama hizo hazipo halafu mkija kuona upungufu wa elfu ishirini mnaanza kushuku watu.

Kanuni ambayo mimi siiachi: kiasi kile kile kisomwe Jumapili ile ile makanisa yote mawili. Dar wanasoma "mwezi huu tumetuma laki sita", na Jumapili hiyo hiyo kijijini mtunza hazina wao anasoma "tumepokea laki sita, tumetumia hivi na hivi, imebaki hivi", halafu karatasi inabandikwa ubao wa matangazo kule na huku. Ni kitu kidogo, lakini bibi aliyekaa benchi la nyuma kule kijijini akishasikia namba, basi yeye ndo mkaguzi wenu, na hamhitaji kutuma mtu kila mwezi.

Risiti zipigwe picha zitumwe kwenye grupu la WhatsApp la kamati mbili. Kijijini kuna vitu havina risiti, mchanga, tofali, kibarua. Kubalini daftari lenye jina, kiasi na saini au dole gumba. Mkidai risiti ya mashine kwa kila kitu mtawafundisha watu kutafuta risiti za uongo.

Na hela ikipotea? Simamisheni kutuma, nendeni, kaeni na baraza zima, mpeni mkuu wa jimbo taarifa. Msimalizane na mtu mmoja kwa simu usiku. Msikate urafiki na waumini mia mbili kwa sababu ya mtu mmoja.

KUHUSU MAJI

Kama jibu la kule ni maji, anzeni na paa la kanisa kabla ya kuwaza kisima. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Kanisa la mita 8 kwa 15 lina mita 120 za mraba. Dodoma ikipata milimita 500 kwa msimu, na ukatoa moja ya tano inayopotea, unabaki na lita 48,000. Watu wakisikia hiyo namba wanashangilia, lakini subirini. Mkinunua simtanki moja la lita 10,000, litajaa na kumwagika wakati wa mvua, na likishajaa mwezi wa nne lazima lifike mwezi wa kumi na moja, hizo ni kama siku 210. Gawanyeni: lita 47 hivi kwa siku, yaani madumu mawili ya lita 20. Inatosha maji ya kunywa ya watoto wa chekechea na ibada, haitoshi kijiji. Matenki matatu ni madumu saba kwa siku. Waambieni watu ukweli huo mapema ili tenki lisije kugombaniwa.

Tenki la lita 10,000 likijaa lina tani kumi za maji, kwa hiyo msingi wa mawe na zege ni lazima, nimeona matenki yamepasuka chini kwa sababu yaliwekwa juu ya tofali za udongo. Mvua ya kwanza iachwe imwagike, ina vumbi na mavi ya ndege. Mdomo wa tenki ufungwe wavu wa mbu. Bomba liwe na kufuli, ufunguo ukae kwa mama mmoja aliyechaguliwa na wenzake, na kila dumu lilipiwe kidogo kiasi watakachopanga wao wenyewe ili koki ikiharibika wasiwapigie simu nyie.

Kisima kirefu ni jambo jingine kabisa. Kinataka upimaji, kibali cha bodi ya maji ya bonde, ushirikiano na RUWASA na jumuiya ya watumia maji, na maji yapimwe maabara maana maeneo ya kati mengine maji yana chumvi. Usharika mmoja peke yake msikimbilie huko.

Na maji yakishapatikana ni ya wote. Mwislamu, asiye na dini, anayekunywa pombe, wote. Hakuna kumuuliza mtu anasali wapi akiwa na ndoo mkononi, na hakuna chakula cha kupewa mtu kwa sharti la kuhudhuria ibada. Hilo liandikwe kwenye yale makubaliano.

KUHUSU NJAA

Watu wa Dar tunapenda kupeleka unga. Hebu tupige hesabu kwanza. Nusu kilo ya nafaka kwa mtu kwa siku, nyumba ya watu sita ni kilo 90 kwa mwezi, yaani karibu gunia zima la kilo 100. Nyumba 200 kwa miezi mitatu ya njaa ni magunia 540. Hizo ni semi mbili zimejaa. Hamna usharika unaoweza hivyo kila mwaka, na mkipeleka magunia thelathini mtakuwa mmewapa kazi ya kuchagua nani ale.

Kinachowezekana ni ghala la nafaka. Mwezi wa saba na wa nane, mavuno yameingia na bei iko chini, kamati ya kule inanunua mahindi au mtama, wauzaji wa kwanza wakiwa wanakijiji wenyewe wenye ziada, na kama haitoshi wanaenda soko la Kibaigwa pale Kongwa, moja ya masoko makubwa ya mahindi nchini. Hakuna sababu ya kununua Tandale na kusafirisha kurudi kule yalikotoka. Wanahifadhi. Januari bei ikiwa imepaa, ghala linawauzia watu kwa bei ya kununulia pamoja na usafiri tu, au linawakopesha gunia walirudishe wakivuna. Hela inarudi, mwaka unaofuata wananunua tena. Nyie mmetoa mtaji mara moja.

Ila uhifadhi ndo kila kitu. Mahindi yakauke kweli kweli kabla ya kuingia ghalani, unyevu usizidi asilimia 13 hivi, na yawekwe juu ya vichanja, yasiguse sakafu wala ukuta. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu (sumu ya ukungu) kwenye nafaka, kwa hiyo hili sio jambo la kusema "watajua wenyewe". Nunueni mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni ndani, wadudu wanakufa kwa kukosa hewa na hamna haja ya dawa. Mtama na uwele vinavumilia ukame kuliko mahindi, na wazee wa Kigogo wanalijua hilo kuliko sisi, wasikilizeni kabla ya kuwanunulia mbegu za mahindi.

Wale ambao hawawezi kununua wala kukopa, wazee wasio na mtu, walemavu, yatima, wapo kila kijiji. Majina yao msiyachague nyie. Yatoke kwenye mkutano wao, yalinganishwe na orodha ya mtendaji, na sehemu yao itengwe mapema.

SOKO, ambalo ndo mnalo nyie na wao hawana

Usharika wa Dar una watu mia nane Jumapili moja na wote wanapika. Kule kuna alizeti, karanga, ubuyu, kuku wa kienyeji, asali sehemu nyingine. Mwenye mashine ya kukamua pale mjini ananunua alizeti kwa bei anayotaka yeye. Kikundi cha kina mama cha usharika kikikamua wenyewe, kikaacha mafuta yatulie, yakachujwa vizuri, yakafungwa madumu ya lita 5 na 20, na nyie mkapokea oda kanisani wiki mbili kabla kwa kulipia kabisa, mtakuwa mmefanya zaidi ya mitumba ya miaka kumi. Mashudu yanabaki kule wanauza chakula cha mifugo. Wakitaka kuuza madukani nje ya kanisa watahitaji kibali cha TBS (shirika la viwango), na SIDO (shirika la viwanda vidogo) wanasaidia wajasiriamali wadogo kwenye hiyo safari.

Lipeni bei ya soko ya Dar. Msiombe punguzo kwa sababu ni ndugu katika Kristo.

Watoto wa shule nitasema kwa kifupi. Elimu bila ada kwenye shule za serikali ilianza 2016 msingi mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafika kidato cha sita, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula cha mchana bado vinamtoa mtoto shuleni. Changieni chakula cha shule nzima kuliko kuchagua watoto kumi wa kufadhiliwa na kuacha wadogo zao wakiangalia.

PICHA

Msipige picha ya mtu anapokea. Kabisa. Bibi ameinama anapokea kilo mbili za sukari na watu sita wenye tisheti za kamati wanatabasamu nyuma yake, na jioni iko status. Yule bibi ana mjukuu Buguruni ataiona. Pigeni picha mkifanya kazi pamoja, mkiimba, mkila, na muombe ruhusa, na kwa mtoto muombe mzazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mama yako ungempiga vile?

WAO WAJE DAR

Mwaka wa pili waalikeni. Wawe kina mama, vijana, mwinjilisti, sio viongozi tu. Walale majumbani mwenu, Mbagala, Tabata, Kimara, hata kama nyumba ni vyumba viwili. Wahubiri wao, kwaya yao iimbe, wakae kwenye kikao cha kamati waone vitabu vyenu vya hesabu kama nyie mlivyoona vyao. Wapelekeni Kigamboni wakaone bahari kwa kivuko, lakini wapelekeni pia kwa waumini wenu wanaolipa kodi kwa shida na kununua maji ya dumu, wajue hela inayokuja kule inatoka kwa nani. Nimeona mgeni kutoka kijijini anamuombea mama lishe wa Manzese huku wote wawili wanalia, na baada ya pale yule mama lishe hajawahi kukosa bahasha ya urafiki.

MCHUNGAJI AKIHAMISHWA

Atahamishwa, wa kwenu au wa kwao, ndo utaratibu wa kanisa. Urafiki uliokaa kwenye simu ya mchungaji unahama naye. Kwa hiyo tangu mwanzo wekeni faili moja Dar na moja kijijini, vyote sawa: yale makubaliano ya ukurasa mmoja, muhtasari wa vikao, hesabu za kila mwezi, vibali, jina la fundi aliyeweka tenki, orodha ya watia saini wa benki. Mchungaji mpya akifika, ndani ya mwezi wa kwanza kamati imfuate na faili, imsomee, asaini kwamba ameona. Na kwenye jalada la mbele la kila faili ziandikwe namba za simu za watu wawili wa kila upande ambao sio wachungaji.